Jinsi Tulivyoizika Timu ya Peñasorda Kule Bowie

Kwa kuwa Jumapili mlinizingira nje ya kanisa mkiniuliza nilipotelea wapi Jumamosi, na kwa kuwa kila nilipofungua mdomo kujibu kulikuwa na mtu wa kunikata akiuliza kama chai imechemka, nimeamua kuandika. Kaeni chini msome. Ni kweli nilikosa mkutano wa kamati ya harusi. Ni kweli simu yangu ilikuwa imezimwa. Sikuwa mgonjwa, wala sikuwa nimewakasirikia, ingawa baada ya kusikia yaliyosemwa kunihusu, hilo la pili tunaweza kulijadili upya. Nilikuwa nimekwenda kusoma wasifu wa marehemu. Marehemu mwenyewe ni timu ya mpira ya Uhispania iliyokufa kabla sijazaliwa.

Mnamjua Mzee Anselmo. Au tuseme mnajua kwamba nina mgonjwa ninayemtunza huko Springfield, Virginia, anayenichelewesha mazoezi ya kwaya. Ndiye huyo. Ana miaka karibu themanini, macho yamekwisha na anaona vivuli tu, lakini masikio yake husikia hata ninapotia kijiko cha pili cha sukari kwenye chai yangu. Ujanani alikuwa kipa wa Unión Deportiva Peñasorda, timu ya mji mdogo wa kiwanda cha matofali, ambayo ninyi hamjaisikia na Wahispania wenyewe hawajaisikia.

Mwezi uliopita nilikuwa kwake, nikimsomea mtu kwa simu wasifu wa yule ndugu yetu tuliyemsafirisha Kakamega. Mzee akauliza ninasoma nini. Nikamweleza kwamba kwetu mtu hazikwi hivi hivi. Lazima mmoja asimame asome marehemu alizaliwa wapi, alisomea wapi, aliugua vipi na ameacha nani. Hata kama alifukuzwa kazi mara sita kwa ulevi, mimi kama katibu wa kamati ya mazishi nitaandika kwamba alipenda watu na alifanya kazi sehemu mbalimbali. Mzee aliweka kikombe chake chini. Kisha akasema, "Timu yangu haikusomewa."

Basi ikawa kila nikimaliza kumwogesha, ananisimulia na mimi naandika. (Tunazungumza Kiingereza, chake cha Uhispania na changu cha Bungoma. Hapa nimewatafsiria.) Alitaka wasifu huo usomwe mbele ya mtu mmoja tu, Fermín, aliyekuwa katibu wa timu, ambaye sasa anaishi kwa bintiye huko Bowie, Maryland. Hao wawili ndio waliobaki. Na Fermín, alisema Mzee, ndiye aliyeiua, kwa sababu alikimbilia Amerika na muhuri wa timu mfukoni. Bila muhuri hawakuweza kujiandikisha kwa msimu uliofuata. Muhuri mpya ulihitaji barua ya maombi, na barua ya maombi ilihitaji muhuri.

Mtoto wa kiume wa Mzee, aliyekulia hapa, alimwuliza kwa nini hawakuchonga mwingine tu. Mimi nimelelewa kwetu. Nimewahi kukaa siku tatu nje ya ofisi ya chifu kwa sababu karani alikwenda matangani na muhuri mfukoni. Nilielewa mara moja.

Shida ni kwamba huyo mtoto alikuwa anakuja kumchukua Jumatatu ampeleke Arizona, moja kwa moja. Kwa hiyo ilikuwa Jumamosi hii au hakuna tena.

Takoma Park hadi Springfield: treni mbili na shimo

Niliamka mapema nikapika chapati ishirini, kwa sababu sijawahi kwenda kwa wafiwa mikono mitupu na sikuona sababu ya kuanza kwa kuwa marehemu ni timu. Nilifika stesheni saa mbili unusu. Treni ya kwanza ilikwenda vizuri hadi ikaingia handakini, ikasimama kutafakari. Dakika kumi na tano baadaye sauti ilitoka kwenye spika ikatueleza sababu. Ilitueleza kwa namna ambayo hakuna binadamu aliyeelewa, tukashukuru kwa kujulishwa.

Mama mmoja aliyeketi karibu nami alinusa akauliza nimebeba nini. Nilimwambia chapati, za kwenye matanga. Akanipa pole nyingi, akanishika mkono, akauliza marehemu alikuwa nani. Sasa ningesema nini? Nilisema alikuwa wa huko Ulaya, alikufa akiwa na watu wachache, na kwamba tulichelewa kupata habari. Machozi yalimlenga. Nilimpa chapati moja maana nilijiona tapeli.

Mjini nilibadilisha treni nikashika laini ya buluu hadi mwisho kabisa, kisha basi ambalo dereva wake alikuwa akisimama kila kituo, penye mtu na pasipo na mtu. Nilifika kwa Mzee saa nne na robo. Alikuwa ameketi mlangoni ndani ya suti nyeusi na kofia, na jirani aliniambia alikuwa pale tangu saa kumi na mbili.

"Umechelewa," alisema.

"Marehemu amesubiri miaka arobaini," nilimwambia. "Saa moja haitamwua."

Springfield hadi Springfield

Kichwa hicho si kosa la uandishi. Aliyejitolea kutupeleka Bowie kwa gari lake ni Papa Déo wa fellowship yetu, mnamjua, Mkongo wa Uvira, mtu wa Mungu na mkaidi. Binti yangu Nekesa alikuwa amenichapia njia yote kutoka kwenye kompyuta, kurasa tatu, kila kona na maili zake. Papa Déo alizipokea kwa heshima, akazikunja, akazikalia.

"Mama Nekesa, miye niko naishi hapa myaka tatu," alisema. "Njia ya kwetu nitapotea namna gani?"

Namna ni hii. Wanaoishi huku mnajua pale Springfield ambapo barabara kuu zote za Virginia hukutana na kupandiana juu, na kwamba wamekuwa wakizijenga tangu tulipofika nchi hii. Kila wiki wanahamisha njia, ili mtu asije akazoea. Papa Déo aliingia mle kwa ujasiri. Dakika kumi baadaye tulipita jengo la maduka upande wa kushoto. Tulilipita tena upande wa kulia. Mara ya tatu nililisalimu.

"Papa Déo, tusome karatasi."

"Karatasi ni ya wageni. Franchement, kweli kabisa, tunafika sasa hivi."

Kisha barabara ikanyooka, magari yakapungua, na Papa Déo akaanza kuimba pambio. Mzee, aliyekuwa ameketi mbele, aligusa uso wake. "Jua linanipiga shavu la kushoto," alisema. "Tungekuwa tunakwenda mashariki, lingenipiga la kulia. Tunakwenda kusini."

Tulikuwa tunakwenda Richmond. Tulikuwa tumekwenda Richmond kwa nusu saa. Katika gari lenye watu wawili wenye macho na mmoja asiyeona, asiyeona ndiye aliyejua tuliko. Papa Déo aliacha kuimba, akainua kiuno, akachomoa zile karatasi kimyakimya akanipa.

Darajani

Tuliporudi na kushika barabara sahihi ilikuwa inakaribia saa sita. Nikaanza kuona kama kuna matumaini, na hilo ndilo lililokuwa kosa langu. Tulipofika kwenye daraja la mto Potomac, lile la kuvukia kutoka Virginia kwenda Maryland, taa zikawa nyekundu, vizuizi vikashuka, na daraja likainuka.

Nataka mnielewe. Barabara yenye magari ya majimbo mawili na jiji kuu la nchi hii ilisimamishwa ili mashua ipite. Ilipita. Ilikuwa na mlingoti mrefu, mtu mmoja, kofia yake, na kikombe chake. Hakuwa na haraka hata kidogo. Alituinulia kikombe. Kisha daraja lilipaswa kushuka, likashuka nusu, likafikiri, na watu wakazima magari wakatoka nje.

Nilifungua chapati. Dereva wa lori lililokuwa kando yetu, kijana wa El Salvador, alipoziona alisema kwa furaha kwamba hizo ni tortilla, mikate ya kwao. Mzee akasema tortilla, kwao Uhispania, ni ya mayai na viazi. Wakabishana kwa Kihispania dakika kumi juu ya chapati zangu, bila hata mmoja kuniuliza mimi niliyezipika. Lakini walikula sita.

Hapo ndipo Papa Déo, kwa kukosa la kufanya, alipomwuliza Mzee alikosewa nini na huyo Fermín. Mzee alimweleza yote. Jinsi walivyokuwa marafiki tangu utotoni, jinsi Fermín alivyoondoka alfajiri bila kuaga, jinsi walivyopekua ofisi ya timu na kukuta kijaluba cha wino kipo na muhuri haupo. Yeye mwenyewe aliondoka kuja huku Amerika mwaka uliofuata, kwa aibu, na hajawahi kurudi hata kwa ziara.

"Nataka asikie jambo hilo likisomwa," alisema. "Kwamba ni yeye. Nikishasikia amesikia, wanipeleke Arizona, wanipeleke popote."

Nilirudisha chapati yangu kwenye mfuko. Sababu naomba niwaungamie ninyi kabla ya mtu mwingine kuwaambia. Nimeandika wasifu wa marehemu wengi sana, na mkono wangu una mazoea. Sababu ya kifo haiandikwi. Ukiandika ukweli, watu watapigana viti kaburini. Kwa hiyo pale Mzee aliponiambia niandike kwamba Fermín aliiua timu, mkono wangu uliandika wenyewe kwamba marehemu aliugua kwa muda mrefu na kuvumilia kwa subira. Yeye hasomi. Nilisema moyoni nitamweleza kesho, na kesho ikawa wiki tatu, na sasa nilikuwa juu ya daraja na karatasi kwenye mkoba.

Ningeweza kumwambia pale pale. Daraja likashuka.

Bowie

Bowie mnaijua, nyumba kubwa, nyasi zilizonyolewa, na hakuna mtu anayetembea kwa miguu isipokuwa gari lake limeharibika. Tulifika saa nane na nusu, tulikotarajiwa saa tano. Binti wa Fermín, anayeitwa Pilar, alitupokea kwa adabu ya mtu aliyekwisha kupasha chakula moto mara tatu. Alichukua chapati zilizobaki, akauliza zinaliwa na nini, na kabla sijajibu akazipaka jemu. Nilikuwa ugenini, nikamshukuru.

Fermín alikuwa sebuleni kwenye kiti cha magurudumu, mdogo kama mtoto wa darasa la tano, nywele zimechanwa kwa maji. Nilimkalisha Mzee mbele yake. Hakuna aliyetoa mkono.

"Ni wewe?" aliuliza Fermín.

"Mwanamke huyu atasoma," alijibu Mzee. "Wewe sikiliza."

Nikasimama. Mimi nimesoma mbele ya watu mia tatu na mvua inanyesha, lakini sijawahi kusoma mbele ya wafiwa wawili tu. Nikaanza, kwamba marehemu Unión Deportiva Peñasorda alizaliwa kiwandani, mtoto wa kwanza na wa pekee wa wafanyakazi wa tanuri la matofali. Kwamba nguo zake za kwanza zilishonwa kwa vitambaa vya zambarau ambavyo padri alikuwa akifunikia sanamu wakati wa Kwaresima, na kwa kuwa rangi ilichuja, siku za mvua timu za wageni zilirudi kwao zambarau. Fermín alitoa sauti kooni. Nikaendelea, kwamba mwenye kiwanda alimpa uwanja wenye mteremko mkali kiasi kwamba kipa wa upande wa chini alimaliza kazi ya wiki nzima kipindi kimoja. Kwamba alipanda hadi daraja la tatu, akakaa huko mwaka mmoja, akarudi nyumbani bila kinyongo. Kwamba katika mechi yake ya mwisho alisafiri kwa lori la matofali akiwa na wachezaji saba, kwa sababu wengine walikuwa wamehamia mijini kutafuta kazi, akafungwa mabao tisa, na kipa akapigiwa makofi na wenyeji.

"Kumi na moja," alisema Mzee. "Yalikuwa kumi na moja. Uliandika tisa?"

"Ulisema tisa."

"Kumi na moja," alisema Fermín taratibu. "Lakini mawili yalikuwa ya kuotea."

Nikasoma lile lililobaki. Kwamba marehemu aliugua kwa muda mrefu na kuvumilia kwa subira, hatimaye akapumzika. Ameacha watoto wawili, Anselmo na Fermín.

Mzee aligeuza kichwa akanitafuta kwa masikio. "Soma nilichokwambia."

"Mzee..."

"Soma nilichokwambia, Mama."

"Alikwambia nini?" aliuliza Fermín.

Mimi nilikunja karatasi. Papa Déo, ambaye siku hiyo alikuwa amekosea kila kitu na huenda alitaka kupata walau kimoja, alijibu kutoka kwenye kochi na chapati ya jemu mkononi. "Alisema ni wewe uliiua."

Nilisubiri viti virushwe. Fermín aliitikia kwa kichwa mara kadhaa. "Ni kweli," alisema. "Ni mimi. Pilar, lete kopo."

Jamani, kwa miaka yote ya kusoma wasifu, sijawahi kuona mfiwa akisimama kukiri. Pilar alileta kopo la biskuti. Ndani, kwenye soksi, mlikuwa na muhuri wa mpini wa mbao. Fermín aliuweka kwenye viganja vya Mzee, na Mzee akaupapasa herufi moja moja kwa kidole gumba kinyumenyume, midomo ikimcheza.

Kisha Fermín alieleza, kifupi. Msimu ule wa mwisho wakubwa watatu wa kamati walikuwa wameshakubaliana na mjenzi wauze uwanja, yajengwe maghorofa. Mwenye kiwanda alikuwa ameutoa kwa sharti moja, kwamba hauwezi kutoka mikononi mwa timu bila barua yenye muhuri wa timu. Barua ilikuwa tayari mezani. Yeye ndiye aliyekuwa na kazi ya kuigonga. Alijua akiondoka na muhuri, timu itakufa, na akiuacha muhuri, uwanja utakufa na timu itaufuata baada ya mwaka. Akachagua.

"Na uwanja?" aliuliza Mzee.

"Upo. Pilar alikwenda miaka miwili iliyopita. Mbuzi wanakula nyasi, watoto wanacheza jioni. Goli la chini bado limesimama. Lako."

Pilar alikwenda kuchukua picha kwenye friji, akakumbuka kwamba Mzee haoni, akaiweka chini. Alimweleza badala yake kwa maneno, mbuzi wangapi, mwamba wa goli umeinama upande gani. Mzee alisikiliza mdomo wazi.

"Kwa nini hukuniambia?" alisema mwishowe.

"Nilikuandikia," alisema Fermín. "Kila Krismasi."

Sasa, hizo bahasha nazijua. Ziko kwenye sanduku la viatu juu ya kabati, Springfield, na kila Jumanne mimi huzipangusa vumbi. Za kwanza zimetoka New Jersey, za baadaye Bowie. Hakuna hata moja iliyofunguliwa. Nilitazama sakafu, na Mzee naye akageuza uso kama anayeangalia dirishani.

Fermín ndiye aliyesema karatasi yangu haina thamani bila muhuri. Kwa hilo tulikubaliana sote wanne, na ni Pilar tu aliyeshangaa. Wino haukuwepo. Nilipekua mkoba, nikatoa ile rangi ya mdomo niliyonunua kwa ajili ya harusi yenu, zambarau iliyoiva, nikaupaka muhuri. Mzee aliushika. Fermín akaweka mkono wake juu ya mkono wa Mzee, wakagandamiza pamoja chini ya majina yao. Barua ya mwisho rasmi ya Unión Deportiva Peñasorda imegongwa kwa lipstiki ya mwanamke wa Bungoma. Na mimi nililia, andikeni hilo kwenye kumbukumbu za kamati.

Kurudi

Njiani daraja halikuinuka na hatukwenda Richmond, kwa hiyo hakuna la kusimulia. Papa Déo alisoma karatasi zote tatu.

Nilimwomba Mzee radhi kwa kubadilisha maneno yake. Nikamwambia nitaandika upya, niseme kilichotokea kweli, na mabao nirekebishe.

"Acha," alisema. "Imeshagongwa muhuri."

Tulipofika kwake ilikuwa kama saa kumi na mbili. Nilikuwa nimeshika mkoba nikiaga, bado ningewahi nusu ya mkutano wenu. Aliniomba nimshushie sanduku la viatu. Nikamshushia. Akaliweka mapajani, akachomoa bahasha ya chini kabisa, akaninyooshea. Macho yangeweza kuisoma zamani, na hakuifungua. Sasa alihitaji mtu.

Niliichana nikamsomea kwa Kihispania changu cha kukisia, herufi kwa herufi, naye akinirekebisha. Ilisema uwanja upo, muhuri ninao, njoo. Nikafungua ya pili. Uwanja upo, muhuri ninao, njoo. Nilimwambia, Mzee, naona zote zinasema jambo moja.

"Inayofuata," alisema.

Zilikuwa thelathini na nane. Nilimsomea zote, na baada ya kila moja alisema hivyo hivyo, inayofuata, mpaka sanduku likawa tupu. Kwa hiyo hapana, sikupata nafasi ya kuja kuchagua rangi ya vitambaa vya meza.